Nani Aliyemwondoa Mwajuma Darasani?

Mashtaka haya umeyasikia redioni, kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo: wazazi wa leo wameyatupa majina yetu. Rejista ya darasa la kwanza imejaa akina Brayani, Jayden, Ariana na Precious; Mwajuma, Sikudhani, Chausiku na Mwanakombo hawamo. Washtaki wana hoja zao, na wamezirudia mara nyingi hata zimeanza kupokelewa kama ukweli usiodai ushahidi. Nimezisikiliza kwa makini. Ninachokuomba wewe msomaji ni kazi ya hakimu: ipime kila hoja kwa uzito wake, kisha ipime tena kwa hoja nyingine ya mshtaki yuleyule. Hapo kesi inaanza kulegea, maana hoja hizi hazipatani zenyewe kwa zenyewe.

Sisemi kwamba hakuna kilichopotea. Kimepotea, na kinaniuma. Ninachokataa ni kupachikwa kosa mtu asiyehusika, huku chanzo chenyewe kikiachwa kiende zake.

Tuanze na hoja kubwa kuliko zote: wazazi wanaiga Wazungu. Washtaki wanasema utandawazi umeingia hadi wodi ya wazazi, mama anajifungua huku moyoni ana jina la mwigizaji wa Marekani, na majina ya asili yanakufa kwa sababu ya aibu tuliyoachiwa na mkoloni. Aibu hiyo ipo kweli na imetuumiza; siwezi kuipuuza. Lakini kama kuiga Wazungu ndiko kunakoua majina, basi majina ya Kizungu yangestawi yote. Rudi kwenye rejista ileile. Leokadia yuko wapi? Yuko wapi Skolastika, Venansi, Bonifasi, Deogratias, Teofili? Majina haya yaliletwa na wamisionari kutoka Ulaya, yakaenea Songea, Bukoba, Moshi na Tabora, yakabebwa na babu na bibi, kisha baba na mama. Leo yamezeeka sawasawa na Mwajuma. Ukikutana na Skolastika, uwezekano mkubwa ni kwamba ana wajukuu. Mwajuma wa Tanga na Skolastika wa Peramiho wameondoka darasani kwa wakati mmoja, mmoja akiwa na jina la pwani na mwingine la Ulaya. Sababu inayoeleza kuondoka kwa mmoja na kunyamaza juu ya mwingine haiwezi kuwa ndiyo sababu.

Tena, mengi yanayoitwa majina ya Kizungu, Wazungu wenyewe hawayatumii. Nenda Kilimanjaro na Arusha. Utamkuta Godlisten, Godbless, Lightness, Happiness, Goodluck. Kabla yao kulikuwa na Elibariki na Elisante, na kizazi cha uhuru kinamkumbuka Solomon Eliufoo, waziri wa elimu katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Hakuna Mwingereza aliyewafundisha wazazi wa Machame kumwita mtoto Godlisten. Walilitunga wao, kwa desturi yao ya zamani ya kumpa mtoto jina ambalo ni sala nzima, ila safari hii wakaitunga sala kwa lugha ya shuleni. Huo ni uzalishaji wa nyumbani, na anayeuita uigaji hajatazama nani hasa anaigwa.

Halafu kuna neno "asili", ambalo washtaki wanalitumia bila kulipima. Katika orodha yao ya majina ya asili wamo Hamisi, Asha, Zuhura, Yohana na Mariamu. Yote yalikuja, mengine kwa jahazi na mengine kwa misheni. Tunayaona yetu kwa sababu yamekaa, yamevaa sauti zetu na yamezikwa katika makaburi yetu. Nakubali kabisa kwamba ni yetu. Ila anayekubali hivyo amekwisha kukiri kwamba jina la kuazima huweza kuwa la mwenyeji, na kilichobaki kati yake na mama wa Brayani ni hesabu ya miaka tu. Tusisahau pia kwamba majina nayo husafiri kutoka kwetu: tangu sherehe ya Kwanzaa ilipoanzishwa Marekani mwaka 1966, huku Imani ikiwa moja ya nguzo zake saba, Wamarekani weusi wamewaita binti zao Imani, na siku hizi Zuri. Hakuna anayesema familia hizo zimeua utamaduni wao kwa kuchukua majina ya Kiswahili.

Hoja ya pili inatoka upande wa pili wa ukumbi, kwa wanaojiita watetezi wa wazazi. Hawa wanasema majina yale yameachwa kwa haki kwa sababu ni ya kishamba, ni ya uswahilini, na mtoto mwenye jina hilo atachekwa. Ushahidi wao wanao. Kila Mtanzania anamjua "Mwajuma Ndalandefu", huyo mwanamke wa kutungwa ambaye hutajwa pale mtu anapotaka kumdhihaki binti wa uswahilini. Katika michezo mingi ya kuigiza tumemwona msichana wa kazi akiitwa Mwajuma au Sikujua, na binti wa mwenye nyumba akiitwa Jackline au Vanessa. Dhihaka hiyo ipo na inauma, na mzazi anayemkinga mwanawe nayo hana kosa.

Lakini dhihaka kuwapo hakulifanyi jina kuwa la kishamba. Ukiitazama historia, dai hili linageuka kichwa chini miguu juu. Majina ya "Mwana" yalikuwa heshima ya mabibi wa mjini. Mapokeo ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi, malkia wa mji kabla ya Shehe Mvita. Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utendi mnamo 1858, alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mwanakombo na Mwanaidi wamerithi cheo hicho cha waungwana. Ni majina ya miji ya mawe, yenye misikiti na maktaba za miswada, na leo wanayaita ya kishamba watu ambao babu zao walikuwa wakiisikia miji hiyo kwa sifa.

Basi hadhi ya jina haimo ndani ya jina. Hupewa, na huweza kunyang'anywa. Ona Ufaransa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jina lililoongoza kwa watoto wa kiume huko lilikuwa Kevin, jina la kisasa, la filamu za Marekani. Halikukaa. Lilipokwisha kujaa katika familia za wafanyakazi likageuzwa kichekesho, wazazi wakalikimbia, na vijana wenye jina hilo wakakua wakichekwa kama anavyochekwa Mwajuma wetu. Kwa hiyo mzazi anayedhani amemnusuru mwanawe kwa kumwita Jayden hajamnusuru na lolote. Amempa jina ambalo saa yake ya kuchekwa haijafika. Na hapa kwetu, Mbwana ni jina la zamani la pwani, la uswahilini kwa kipimo chochote cha hao watetezi. Anaitwa hivyo Mbwana Samatta, aliyekuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, Februari 2020. Jina halikumzuia mlangoni.

Hoja ya tatu nitakaa nayo zaidi, kwa sababu ndiyo inayowatisha wazazi kuliko zote. Inasema jina ni dua: ukimwita mtoto Shida ataishi kwa shida, ukimwita Tabu, Mashaka, Masumbuko au Sikujua, umemwandikia mikosi. Wahubiri wa pande zote wanaisema, na wapo watu wazima waliobadili majina yao kwa kiapo wakitumaini kubadili bahati. Wenye hoja hii wana tegemeo lenye nguvu: Mtume Muhammad (S.A.W.) alibadili majina yenye maana mbaya, na mwanamke aliyeitwa Asiya kwa maana ya muasi alimwita Jamila. Mtoto ana haki ya jina jema. Hilo nalikubali bila masharti.

Ila kumpa mtoto jina jema kwa kumheshimu ni jambo moja, na kusema kwamba jina ndilo linaloendesha riziki yake ni jambo jingine kabisa. Washtaki wanaruka kutoka la kwanza hadi la pili bila daraja. Pascal Tabu, mtoto wa Kongo tunayemfahamu kwa jina la Tabu Ley, aliimba kwa zaidi ya miaka 40 na akawa mmoja wa wanamuziki wakubwa wa bara hili, akiwa na jina hilohilo la Tabu. Wangapi wanaitwa Bahati au Goodluck na wanahangaika kama sisi wote? Wenye hoja wakiulizwa hivyo husema hao ni mifano michache. Sawa, basi na Shida aliyeshindwa maisha ni mfano mmoja. Kipimo kiwe kimoja kwa pande zote mbili.

Na kuna jambo zito zaidi ambalo hoja hii inalifuta. Waliowaita watoto Shida, Chuki au Mashaka hawakuwa wakiwaapiza. Mengi ya majina hayo yalikuwa ngao. Mama aliyekwisha kuzika watoto wawili au watatu alimpa aliyefuata jina lisilotamanika, ili kifo kimpite. Waluo wana Owiti na Awiti, majina ya mtoto "aliyetupwa", aliyezaliwa baada ya wenzake kufariki. Ukiangalia kwa jicho hilo, Shida ni jina la upendo wenye hofu. Mama alitaka mtoto abaki. Kumwambia leo mwanamke wa miaka 70 kwamba jina alilopewa na mama yake ni laana ni kumtukana marehemu aliyefanya yote aliyoyaweza.

Sasa angalia takwimu, kwa sababu hapa ndipo sababu halisi inapojitokeza. Katika utafiti wa afya ya uzazi wa Tanzania wa 2004–05, watoto 112 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Katika utafiti wa 2022 idadi hiyo ilikuwa 43. Jina la ngao linahitaji hofu inayolizaa. Hofu ilipopungua, Shida na Chuki hawakuwa na kazi tena. Hakuna aliyewaua. Walistaafu, na kustaafu kwao ni habari njema. Mantiki hiyohiyo inaeleza wengine. Mwanamke aliyetarajiwa kuzaa watoto 5.7 katika utafiti wa 2004–05 anatarajiwa kuzaa 4.8 katika ule wa 2022, na mijini ni wachache zaidi. Msichana aitwaye Tatu kwa kuzaliwa wa tatu anazidi kupungua nyumba zinapokuwa ndogo. Chausiku alizaliwa usiku na Mwamvua alizaliwa mvua ikinyesha. Walipewa majina na wakunga na mabibi waliokuwapo chumbani, walioliona giza na kuisikia mvua juu ya makuti. Mwaka 2004–05, chini ya nusu ya wanawake walijifungulia hospitali na vituo vya afya. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 81. Katika wodi yenye taa saa 24, usiku haumpi mtoto jina.

Na huu ndio mgongano ambao ningependa uuangalie kwa makini. Mshtaki yuleyule anayelia kwamba Sikudhani, Shida na Mashaka wanapotea kwa sababu wazazi hawathamini urithi, ndiye Ijumaa au Jumapili anayewaonya wazazi wasiwaite watoto wao Shida na Mashaka. Achague. Kama jina ni laana, kupotea kwake ni ushindi na wazazi wanastahili pongezi. Kama ni urithi, basi aache kuwatisha watu nalo. Haiwezekani mzazi ahukumiwe kwa kuliacha na ahukumiwe kwa kulitoa.

Hoja ya nne ni ya dini. Wanasema Mkristo lazima apate jina la mtakatifu, na mtakatifu maana yake ni wa Ulaya. Mwislamu lazima apate jina la Kiarabu. Kwa hiyo majina yetu hayakuwa na pa kusimama. Kwa vizazi kadhaa ilikuwa hivyo kwenye milango ya shule za misheni, na waliopita hapo hawajasahau. Riwaya ya kwanza ya Ngũgĩ wa Thiong'o, mwaka 1964, ilitoka kwa jina la James Ngugi. Wangari Maathai aliitwa Mary Josephine hadi aliporudi kutoka masomoni Marekani mwaka 1966 na kulichukua jina lake.

Lakini sheria yenyewe ya Kanisa Katoliki inasemaje? Ile ya 1917 iliagiza paroko ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo, na wazazi wakikataa aliongeze yeye jina la mtakatifu. Ile ya 1983, inayotumika hadi leo, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Ni miaka zaidi ya 40 sasa tangu sharti la mtakatifu liondoke, na bado kuna makatekista wanaolidai, na wazazi wanaowaamini. Hata chini ya sharti la zamani, mlango ulikuwa wazi: mashahidi wa Uganda walitangazwa watakatifu Oktoba 1964, na tangu hapo Kizito, Lwanga na Mulumba ni majina ya watakatifu sawa na Petro. Anuarite, sista wa Kongo aliyeuawa 1964, alitangazwa mwenyeheri mwaka 1985 na Papa Yohane Paulo wa Pili. Bakhita wa Darfur alitangazwa mtakatifu mwaka 2000. Wapo watoto wetu wanaoitwa Kizito na Anuarite kwa fahari.

Kwa Waislamu dai ni dhaifu vilevile. Omar, Khalid na Zainab ni majina yaliyokuwako Arabuni kabla ya Uislamu. Masahaba waliingia nayo katika dini na hawakuambiwa wayaache. Kilichokataliwa ni jina lenye maana mbaya au la kumfanya mtu mtumwa wa asiyekuwa Mungu. Mwanaidi, aliyezaliwa siku ya Idi, hana kosa hata moja kati ya hayo. Samia Suluhu Hassan amebeba jina ambalo ni neno la Kiswahili, Suluhu, kutoka kwa baba yake Mzanzibari, na hakuna shehe aliyeona upungufu. Dini haikuyafukuza majina haya. Waliyafukuza watu waliosema kwa niaba ya dini, na hao wanaweza kujibiwa.

Hoja ya tano, kwamba watu mashuhuri ndio wanaoinua na kuangusha majina, haihitaji muda mrefu. Ni kweli Novemba 2008, Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani, Kisumu ilipata akina Barack na Michelle wengi. Lakini kama umaarufu ungetosha, nchi nzima ingekuwa na akina Kambarage. Hakuna mtu aliyejulikana na kupendwa Tanzania kuliko Mwalimu, na jina lake la utotoni limebaki jina la shule na barabara zaidi kuliko la watoto. Walichukua Julius, na hata Julius leo ni baba mtu mzima. Stanley Lieberson, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu majina na mitindo, alionyesha kwamba mara nyingi nyota hupanda mgongoni mwa jina ambalo tayari lilikuwa likipanda. Na mwaka 2009 Jonah Berger na Gaël Le Mens walipochunguza majina ya Ufaransa na Marekani ya miaka 100 waligundua kwamba jina linalopanda haraka hushuka haraka, kwa sababu wazazi wenyewe hulihofia wakiliona ni la msimu. Wanaowaogopa akina Jayden wangetulia kidogo: kasi yao ndiyo itakayowaondoa.

Hoja ya sita ni tiba, na tiba ni hatari kuliko ugonjwa: serikali itoe orodha, msajili akatae majina ya kigeni. Hili limekwisha kujaribiwa na jirani yetu. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo huko Zaire, Kongo ya leo. Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na mapadri waliobatiza kwa majina ya kigeni walitishiwa kifungo. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kwenda kukaa Roma kwa muda. Na Malula hakuwa kibaraka wa Ulaya: ndiye aliyepigania misa ya Kiafrika hadi ikaidhinishwa na Roma mwaka 1988. Alitaka Uafrika, akakataa amri. Utawala wa chama kimoja ulipoanguka kuanzia 1990, majina ya Kikristo yalirudi hadharani. Mobutu alifuatwa na Laurent-Désiré, kisha Joseph, na sasa ni Félix. Wakati huohuo, mashariki ya nchi hiyo, Furaha, Riziki, Mapendo, Bahati na Sifa wanaendelea kuzaliwa Bukavu na Goma, maana familia huko zinayapenda. Ufaransa nayo ilikuwa na sheria ya majina tangu 1803 hadi 1993. Yule Kevin niliyemtaja alipanda hadi namba moja sheria hiyo ikiwa hai.

Sasa nani aliyemwondoa Mwajuma? Linganisha wanawake wawili. Kenya, jina Wanjiku limegeuzwa kuwa jina la raia wa kawaida, maskini, asiyesikilizwa. Wanasiasa hulitumia kila siku kwa maana hiyo. Kwa kipimo cha dhihaka, Wanjiku angekufa kabla ya Mwajuma. Hajafa, na wasichana wanaendelea kuitwa hivyo leo, Nairobi kwenye maghorofa na ughaibuni. Kwa nini? Kwa sababu kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume ni babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama, na wasichana hufuata mabibi kwa mpangilio huohuo. Mama hafungui orodha ya majina kwenye simu. Bibi yupo, jina lipo. Mtoto anaweza kuwa Tiffany Wanjiku au Blessing Wanjiku, lakini Wanjiku haguswi, iwe anapendeza msimu huu au hapendezi.

Mwajuma hakuwa na mlinzi wa aina hiyo. Jina lake lilitegemea siku ya kuzaliwa, na lilitegemea zaidi mtu wa kulitoa: shangazi, bibi, somo, au mzee aliyeitwa siku ya saba, mtoto akanyolewa, akika ikachinjwa, na jina likatajwa mbele ya watu. Leo kadi ya kliniki ina mstari wa jina la mtoto, na mara nyingi mstari huo unajazwa kabla bibi hajafika kutoka kijijini. Usajili wa watoto chini ya miaka 5, uliozinduliwa Mbeya mwaka 2013, umeleta cheti hadi kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bila ada. Ni jambo jema sana, mtoto asiye na cheti anapata tabu maisha yote. Ila limeharakisha uamuzi na kuuweka mikononi mwa vijana wawili na simu yao. Wamechagua wenyewe kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Wazee wanaowalaumu walikuwa wapi? Wengi waliwaambia watoto wao, "Mpeni jina mtakalo, nyie ndio wa kisasa." Wengine ndio waliosema Mwajuma ni la kishamba, na ndio sasa wanaomlilia.

Hukumu yangu ni kwamba mzazi wa leo hana hatia ya kosa aliloshtakiwa. Kinachodaiwa ni kiti cha mtoa jina, na kiti hicho kiliachwa wazi na waliokuwa wakikikalia. Kwa hiyo ninyi bibi, babu, mashangazi na masomo, kama jina la mama yenu mnalipenda, msingoje kulililia kwenye msiba. Mimba ikifika miezi 7, mwiteni mkwe na mwana, muwaambie bibi huyo alikuwa nani, aliishi wapi, alilea wangapi, na muombe mjukuu wa kike abebe jina lake. Wakikataa, mmeomba. Wengi hawatakataa.